Nyasi za Mkono wa Kulia

Jumamosi, kabla ya uji wa mahindi, Opoku Bediako alisimama kwenye karo la uani akipunguza nyasi za kiganja chake cha kulia kwa mkasi wa kucha. Zilianza kuota siku alipotia saini kipande cha kwanza cha uwanja wa mpira wa Asuafua kijengwe duka la dawa. Kila alipotia saini kingine, zilienea zaidi. Kwenye kila faili aliandika maneno yaleyale, kipande kidogo, hakina madhara, na kwa kweli kila kipande kilikuwa kidogo. Wenzake wa ofisi ya mipango miji hawakuwa na la kusema, isipokuwa karani aliyemwomba anyoe asubuhi, kwani umande ulikuwa unalowesha mafaili.

Leo alinyoa mara mbili. Yalikuwa matanga ya mama yake, Afua Konadu, na kwenye matanga ya Kumasi kila anayefika hupita mstari mzima wa wafiwa akiwashika mkono mmoja mmoja, mkono wa kulia. Ukitoa wa kushoto umeutukana ukoo. Bediako alikuwa amenunua glavu nyeusi, lakini mama yake mdogo, Birago, alimvua mwenyewe mlangoni.

"Glavu za nini? Umekuja kung'oa watu meno?"

Matanga yaliwekwa uwanjani, yaani kwenye mabaki ya uwanja: ukanda mwembamba kati ya duka la dawa na banda la kuoshea magari, uliosakafiwa saruji mpaka shinani mwa mwarobaini mmoja. Maturubai manne yalienea. La tano halikupata pa kusimama. Wapiga ngoma walikaa nyuma ya duka la dawa, na ukoo wa baba, uliobanwa upande wa pili wa ukuta wa kanisa lililomega kipande kingine, ulileta rambirambi zake kwa simu.

Birago alikalia ukingo wa mtaro, nguo yake nyekundu ameikunja mapajani.

"Bediako, si wewe unayeuchora huu mji?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Kwenye hiyo michoro, ulituwekea wapi pa kumlilia mama yako?"

Aliona haya, na haya hiyo ilimkaa usoni siku nzima.

Saa nne nyasi zilikuwa zimekwisha kurudi, ndefu na mbichi. Waombolezaji walizishika, wakampa pole, wakapita. Maame Frema, aliyeuza kenke, mabonge ya unga wa mahindi uliochachuka, pembeni mwa goli kwa miaka thelathini, ndiye aliyekawia. Alikipapasa kiganja kwa kidole gumba.

"Hapa pana upara. Pa kupigia penalti hapa."

"Ndiyo, mama."

"Mwarobaini haujaota?"

"Bado. Si ule pale umesimama."

"Haya. Usiuguse."

Wengine nao wakawa wanakawia, kila mmoja akitafuta mahali pake, mpaka foleni ikafika barabarani na magari yakaanza kupiga honi.

Adhuhuri Mzee Nsiah, mkuu wa ukoo, alisimama na chupa ya jini ammwagie marehemu. Alitazama miguuni pake, akatazama chini ya maturubai, akazunguka mwarobaini. Kote saruji. Kinywaji cha marehemu hakimwagwi kwenye saruji.

"Lete mkono," alimwambia Bediako.

Bediako akaunyoosha mbele ya watu wote. Mzee aliita jina la Afua Konadu mara tatu akimimina polepole. Jini ikazama kwenye nyasi, halikudondoka hata tone. Bediako aliusikia mkono wake ukinywa. Akatamani ardhi ipasuke immeze, ila ardhi yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa ameishika.

"Mwaka ukitimia tutarudi kumkumbuka," Birago alisema wakati viti vinakusanywa. "Usinyoe."

Jumatatu faili la ukanda ule lilikuwa mezani. Lilikuwa na saini tatu tayari, na mkuu wake wa kazi akapita akisema kipande chenyewe kimebaki hicho tu, kitamfaa nani. Bediako alikaa nalo mpaka saa tisa. Kisha akaandika kipande kidogo, hakina madhara, akatia saini.

Ijumaa asubuhi nyasi zilikuwa zimevuka kifundo cha mkono, na ndani ya kiwiko ulikuwa umeota mche wa mwarobaini, majani mawili. Hakunyoa. Alishusha mkono wa shati taratibu asiuvunje, akafunga kifungo, akaenda kazini.