Firigisi ya Mwenye Nyumba

Katika ukoo wa Mzee Hironimus, firigisi ya kuku ilikuwa ya mwanamume mwenye nyumba. Mwanamke angeweza kumfuga kuku, akamnyonyoa na kumpika, lakini akiionja firigisi, watu wangesema anataka kuota ndevu. Odilia alikuwa mwalimu mwenye cheti chake na akili zake, lakini ladha ya firigisi alikuwa haijui.

Siku Padre Beda alipokuja Mjimwema kubariki nyumba ya Odilia, jogoo mkubwa alichinjwa. Nyumba ya tofali za kuchoma, yenye bati jipya, ilitokana na mitumba aliyoiuza katika soko la Msamala kila alipotoka darasani, tangu serikali ilipolegeza kamba za biashara. Mzee Hironimus, baba yake mkubwa, alifika kutoka Maposeni, akakagua vyumba, akatikisa fremu za milango, akaridhika. Kisha akamshika mkono Urban, mdogo wa kiume wa Odilia, akamkalisha kwenye kiti kikubwa cha sebuleni.

"Wakati wa chakula nitatamka," alimwambia Odilia jikoni. "Nyumba hii ni ya Urban. Wewe kesho utaolewa."

"Baba mkubwa, hiyo kesho naisikia tangu nimalize chuo."

"Ndiyo hivyo. Jogoo ndiye anayewika."

Odilia aliujua uzito wa jambo lile. Neno likitamkwa mezani mbele ya padre, ukoo na majirani, na lisipate wa kulipinga, nyumba imekwenda. Yeye angebaki mpangaji ndani ya jasho lake.

Wageni walipoketi sebuleni, Lidwina, mama yake, akaingia na sahani, firigisi ikiwa juu. Tangu afiwe na mumewe, firigisi alimpa Urban, hata enzi zile Urban hana meno ya kuitafuna.

Mzee akasimama. "Ndugu zangu, Mtakatifu Paulo anasema mume ni kichwa. Nyumba isiyo na kichwa ni zizi la mbuzi. Kwa hiyo mwenye nyumba hii..."

"Samahani, baba mkubwa," Odilia alidakia. "Paulo huyohuyo alipofika Filipi alikaribishwa na nani? Na Lidia, muuza nguo kama mimi. Akaingia, akakaa. Hakuuliza kaka yake yuko wapi."

Watu wakaguna. Padre Beda akautazama mchuzi wake. "Imo," alisema. "Matendo ya Mitume."

"Hayo ya Filipi!" Mzee akafoka. "Sisi ni Wangoni. Tangu lini Mngoni akajengewa na mwanamke?"

"Tangu wewe, shemeji," alisema Lidwina.

Sebule nzima ikamgeukia. Lidwina hakuwa mtu wa kujibu wanaume.

"Babu zenu Mjerumani aliwanyonga. Baba yenu akaenda umanamba, kukata mkonge Tanga. Nyumba ulimozaliwa aliiezeka mama mkwe wangu, mimba yako ikiwa tumboni. Aliniambia mwenyewe: alishuka kutoka juu ya paa, akakuzaa."

"Wallahi, mtoto wa fundi!" Zabibu, muuza mitumba mwenzake Odilia, akapiga kofi. Kicheko kikalipuka hadi barazani.

Mzee akamgeukia Urban. "Sema neno, mwanamume!"

Urban akainuka kitini. "Baba mkubwa, unisamehe. Hapa nilibeba tofali moja tu, nalo nikalidondosha."

Lidwina akaiweka sahani mbele ya Odilia. "Kula, mwenye nyumba."

Odilia akakaa kwenye kiti kikubwa. Akaitia firigisi mdomoni, akatafuna, akatafuna tena, huku watu wakimtazama kana kwamba radi inakuja.

"Ngumu!" alisema hatimaye. "Kumbe mlitunyima hii?"

Vigelegele vikapaa. Zabibu akamkumbatia Lidwina, wote wawili machozi yakiwatoka kwa kucheka. Katikati ya shangwe Mzee Hironimus alibaki wima, akitazama huku na huku.

"Sasa, mwenye nyumba," aliuliza kwa sauti ya chini, "mimi nikae wapi?"

"Hapa karibu yangu, baba mkubwa," alijibu Odilia. "Urban, mletee baba stuli."