Mkono Alioushika Nesi

Kazi ya nesi huyu ni mikono. Miaka kumi na saba anatoa watu damu maabara, na akikushika kiganja tu anajua kama usiku ulilala au ulikesha. Ndiyo maana mpaka leo hajielewi.

Safari ya kisiwani walilipiwa na binti yao mkubwa, maana nyumbani mambo yalikuwa yamechacha. Mumewe, fundi cherehani, mpole asiyeua hata nzi, alikuwa ameshafunga begi: Jumatatu anahamia kwa kaka yake. Na ugomvi wenyewe wala haukuwa ugomvi! "Mama watoto, mimi humu ndani sionekani," basi, hilo tu. Nesi akabaki anajiuliza, mtu wa kilo tisini haonekani vipi? Lakini aondoke? La hasha. Alikuwa anampenda bado.

Ufukweni mwongozaji akawagawia miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia na jaketi la kuelea, vyote rangi moja. Ukishavaa, nakwambia, hata mama mzazi hakujui. Akaamuru watu washikane mikono wawili wawili. Fundi haogelei, maji yake ni ya beseni.

"Usiniachie," akasema.

"Nikuachie uende wapi?" nesi akajibu, wakacheka, mara ya kwanza mwezi mzima.

Filimbi ikalia. Watu wakajitosa kwa vurumai, huyu kamkanyaga yule. Nesi akaachia kidogo aweke bomba lake sawa, akarudisha mkono, akaupata mkono.

Kule chini, jamani! Visamaki vya njano vikapita mbele ya macho yao, ule mkono ukamminya. Naye akauminya. Nusu saa wakaelea hivyo, na nesi akalia ndani ya miwani, akaapa moyoni kwamba leo atamwomba radhi, na begi atalifungua mwenyewe.

Wakaibuka. Mwanamume akavua miwani. Ana masharubu. Fundi masharubu ameyapata wapi?

"We nani?"

"Dereva wa lori. Samahani dada, naogopa maji. Nilidhani umetumwa unishike."

"Mume wangu yuko wapi?"

Dereva akatazama huku na huku. Nesi akazunguka kama kuku anayetaka kutaga, akiita, akivuta watu mabega, na kila kichwa kilichogeuka kilikuwa na miwani ileile. Amezama! Amezama, na mimi nusu saa namminya dereva wa lori!

Kisha akamwona. Fundi amekaa mchangani, shati kavu, anamenya chungwa.

Nesi akatoka majini mbio, akianguka na kuinuka. "Baba watoto, umenitoa roho! Tuliachana saa ngapi?"

"Maji yakiwa magotini. Nikakuita mara tatu. Nikaona nikae hapa, nijue utanitafuta saa ngapi."

Nesi akafumbua mdomo. Yale maneno yote ya kule chini, aanzie wapi, na ameshayatoa kwa mtu baki? Akaukamata mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza, akauinamia. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu refu, limepita katikati ya ukucha.

"Hili umelipata lini?"

"Sindano ya cherehani," fundi akasema. "Mwaka wa kumi na mbili huu."