Tisheti za Mazishi ya Marion

Hadiya alihangaika zaidi ya mwaka kupata leseni ya kutengeneza na kuuza nguo zenye nembo ya Chuo Kikuu cha Ziwani. Duka lake lilikuwa Migori mjini, nyuma ya soko, na chuo kiko Homa Bay, kwa hivyo kila alipoitwa ilibidi afunge na kusafiri. Mara ya kwanza walikataa sampuli kwa sababu buluu yake ilikuwa imepauka. Mara ya pili walisema korongo wa kwenye nembo ana shingo fupi. Safari nyingine aliambiwa tu kwamba kamati haijakaa. Wachapishaji wenzake walikuwa wakiuza hudi, sweta zenye kofia, za chuo hicho bila kumwuliza mtu, wakimcheka. Lakini Hadiya hakutaka biashara ya kuchungulia mlangoni. Baba yake, aliyehamia huku kutoka Isiolo, aliwahi kunyang'anywa bidhaa za duka zima kwa kukosa leseni, na hakuinuka tena mpaka alipokufa.

Leseni ilipotoka ilikuwa na sharti: hakuna nguo itakayobeba nembo kabla chuo hakijakubali mchoro wake. Hadiya aliona ni haki. Aliajiri fundi, Bosibori, mwanamke mwenye mkono mzuri wa kutarizi, wakawa wanapata riziki yao bila wasiwasi.

Kisha mashua ikazama.

Wanafunzi wa masomo ya uvuvi walikuwa wakielekea kisiwa cha Mfangano kupima maji, wakiongozwa na mhadhiri wao. Upepo uliwakuta njiani, na jaketi za kuokoa maisha hazikuwatosha wote. Wengi waliokolewa na wavuvi. Marion, binti wa kisiwa cha Rusinga, aliopolewa akiwa maiti. Hata kabla hajazikwa, chuo kilitoa taarifa kwamba safari ile haikuwa ya chuo. Eti wanafunzi walijipangia wenyewe.

Baba wa Marion, Elkanah, alikuja Migori. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamwonyesha Hadiya kwenye simu picha ya Marion akicheka. Alitaka tisheti za waombolezaji zenye uso wa mtoto, na nembo ya chuo juu ya uso huo. Wachapishaji wa karibu na nyumbani wangemfanyia, alisema, lakini wanafunzi walimwambia ni Hadiya peke yake upande huu mwenye ruhusa.

"Wanasema hakuwa wao," Elkanah alisema. "Nataka azikwe akiwa wao, tena kwa halali. Wasipate la kusema."

Hadiya alimpa pole, akamwambia lazima kwanza aulize. Alimpigia Bwana Ratemo, afisa wa chuo aliyesimamia leseni, Elkanah akiwa bado ameketi pale. Ratemo alisikiliza, akauliza ni nani anayezitaka. Akaambiwa ni baba wa Marion.

"Weka uso, weka jina," alisema. "Nembo usiweke. Ukiiweka, mama, hiyo leseni utairudisha."

Elkanah alipoelezwa hakugombana. Aliomba tu Hadiya ajaribu kwa mkubwa mwingine. Hadiya alijaribu, simu haikupokelewa. Mzee akatoka nje kupunga hewa.

Bosibori alikuwa amesikia yote akiwa kwenye mashine. "Bandika," alisema. "Mtoto alikuwa wao."

Hadiya akamjibu kwamba watoto wake wanakula kwa nembo hiyo, na wa Bosibori pia. Bosibori akainamia kazi yake.

Walichapisha tisheti nyeupe zenye uso na jina la Marion, basi. Hadiya alizipeleka Rusinga mwenyewe, maana alishindwa kuzituma kama mzigo. Wanafunzi walizipokea chini ya hema, wakazikunjua, wakatazamana. Mmoja wao akatoa kalamu ya wino mzito. Wakaanza kuchorana vifuani, korongo wa kila namna, wengine hawana miguu, wengine wamefanana na bata. Helen, mama yake Marion, alipanga foleni kama wengine, akachorewa wake. Hakuna aliyempa Hadiya kalamu, wala hakuna aliyemfukuza. Alikaa nyuma mpaka kaburi lilipofukiwa. Kutoka chuoni hakuja mkubwa yeyote.

Picha zilisambaa, na Ratemo akapiga simu kwa hasira. Hadiya alimweleza ukweli, kwamba tisheti zilitoka dukani bila nembo, akamtumia picha ya moja iliyobaki. Ratemo alipopiga tena, sauti yake ilikuwa imelainika.

"Umetusaidia sana, mama. Chuo hakitakusahau."

Hadiya aliona afadhali angemtukana.

Mahafali yalipokaribia walimpa kazi yote ya hudi na skafu, hata ile iliyokuwa ikipewa wachapishaji wa Kisumu. Bosibori alimaliza mwezi wake, akaaga, akaenda Awendo kushona sare za shule. Hadiya hakumwuliza sababu. Aliajiri mafundi wengine, duka likajaa.

Elkanah alikishtaki chuo, na kesi ikawa inaahirishwa. Siku moja, akitoka kupeleka mzigo Homa Bay, Hadiya aliamua kwenda kumwona. Alifika Mbita, akasimama penye daraja la kuvukia Rusinga, akafikiria atasema nini akifika nyumbani kwa Elkanah. Akageuka, akarudi Migori.