Salamu za Alhamisi

Mwaka ambao Mwalimu Winfrida alistaafu kufundisha Kiingereza ndio mwaka aliofiwa na mumewe, na nyumba yao ya Mafiga, Morogoro, ikawa kubwa ghafla. Mwanawe Kelvin, aliyeko Mwanza, humtumia alama ya kidole gumba kwenye simu na kudhani amemsalimia mama. Basi aliposikia kuna mpango wa kujitolea kuzungumza Kiingereza mtandaoni na wageni wanaojifunza, alijiandikisha siku hiyohiyo.

Akapewa Hanh, muuguzi wa Vietnam aliyetaka kwenda kufanya kazi Ireland. Kilichombakia kilikuwa usaili wa mazungumzo, kwa Kiingereza. Alhamisi ya kwanza, saa kumi jioni, binti alitokea kwenye simu akasema, "Habari, mwalimu. Tuanze."

Winfrida alikereka. "Tuanze nini, na hata hujajua nimeshindaje? Kwetu hata polisi anayekuja kukukamata husalimia kwanza."

Hanh alikuwa na kichwa chepesi. Haikupita miezi mingi akawa anauliza mwenyewe: goti linaendeleaje, Kelvin amepiga simu, mvua ya milimani imeshuka mpaka mjini, mahindi ya nyuma ya nyumba yamebeba? Kisha ananyamaza asikilize. Morogoro nzima hakuna mwingine aliyemuuliza Winfrida habari za goti akasubiri jibu. Kila Alhamisi alioga mapema, akavaa kitenge cha kanisani.

"Mwalimu, leo tena mchumba anapiga?" Mwanaidi, jirani yake, alimtania akiwa anaanika nguo.

"Nina kazi, mwenzangu," Winfrida alijibu, lakini alikuwa anacheka.

Kisha Hanh akaingia kwenye usaili, akafeli. Alieleza taratibu bila kulaumu. Alimuuliza msaili ameamkaje, nyumbani hawajambo, watoto wanaendeleaje, na mvua je. Muda wenyewe ulikuwa mfupi, nao ukaishia kwenye salamu. Sasa wamempa nafasi ya pili, baada ya wiki mbili, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Kilichotangulia moyoni mwa Winfrida kilikuwa furaha, kwamba binti bado yupo. Halafu akaona macho ya Hanh yalivyovimba kwa kulia, akajionea aibu.

"Kuanzia leo hakuna salamu," alisema. "Nikikuuliza hali yako, jibu ni vizuri, asante. Basi. Unangoja swali."

"Na goti?"

"Goti halimo kwenye usaili."

Wakawa wanakutana kila jioni. Hanh alipojisahau akaanza kuuliza habari za nyumbani, Winfrida aligonga meza. "Endelea na kazi," alisema, na kila alipogonga ilimuuma. Wiki hiyo Kelvin alikuwa ameandika kwamba Krismasi hatakuja, tena watoto wameshazoea kulala huko kwa bibi yao mwingine. Winfrida alikaa na habari hiyo kifuani. Mwanaidi angemwonea huruma, na huruma hakuitaka. Alitaka kuulizwa tu.

Jioni ya mwisho kabla ya usaili, Hanh alijibu kila kitu bila kosa. Alisema kwa ufupi, akanyamaza mahali pa kunyamaza, wala hakuuliza habari za mtu. Winfrida alimsikiliza kwa fahari na kwa uchungu. Binti alikuwa tayari, na akifaulu kesho, mpango ungewatenganisha.

"Tumemaliza, mwalimu," Hanh akasema, akasogea karibu na kioo cha simu. "Sasa naweza? Umeshindaje leo?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Winfrida, kuanzia Kelvin, Krismasi, mpaka wajukuu. Akaona pia ulimi wa binti ukizoea upya salamu ndefu, na kesho asubuhi yule msaili akitazama saa yake.

"Vizuri, asante," alisema.

Hanh akangoja. Kisha yule binti, mwanafunzi mtiifu, aliaga kwa ufupi kama alivyofundishwa, akakata simu.