Mkato wa Siku Ishirini na Moja

Mwamvita alisimama katikati ya chumba amenyanyua mikono juu, kama mtu anayepekuliwa na askari, na dada yake Chausiku akawa anamzunguka na mkaja. Ulikuwa kipande kirefu cha marekani, kimefuliwa mpaka kimelainika, kile kile ambacho marehemu mama yao aliwafungia matumbo kila walipojifungua.

"Vuta pumzi," Chausiku alisema.

"Nimeshavuta."

"Vuta nyingine. Hiyo ya kwanza umeila."

Chausiku alikunja nyama ya tumbo la mdogo wake kwa viganja viwili, akaipandisha juu, akaipitishia kitambaa kwa chini na kukaza. Ngozi ile, ikiachwa, ilining'inia kutoka kiunoni hadi juu ya mapaja. Miaka miwili nyuma, mwaka tisini na mbili, Mwamvita alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili. Kliniki wakamwona na kisukari, wakamwambia apunguze mwili au mwili umpunguze yeye. Akaacha chapati, akaacha wali wa nazi, akaacha na kupanda basi. Kila siku alitembea kutoka Tandika mpaka kiwandani Chang'ombe na kurudi. Sasa alikuwa na kilo sitini na saba. Mwili ulipungua, lakini ngozi haikupewa taarifa. Ilibaki pale pale ikisubiri nyama irudi, na chini yake jasho lilituama, likatoa vidonda, na vidonda vikatoa harufu ambayo kila ilipofika saa kumi jioni poda haikuweza kuificha.

Chausiku ndiye aliyeleta wazo la mkaja. Alisema kama tumbo la uzazi linarudi kwa siku arobaini, hili la unene lisirudi lina kiburi gani. Arobaini ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Hii ilikuwa ya tatu.

"Leo unamjibu yule daktari?" Chausiku aliuliza akifunga fundo.

"Kabla ya saa nane. Orodha ya wiki ijayo inafungwa saa nane."

"Na utamjibu nini?"

Mwamvita alisema hata bado hajajua anaulizwa nini. Safari iliyopita daktari alimpima tu, akamwambia ziko namna mbili za kulikata tumbo lile na leo atamweleza. Alivaa gauni, akajitanda kanga, akatoka.

Hospitalini alikaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu. Ilipofika zamu yake dirishani, karani alimwuliza bila kuinua uso, operesheni ya nini. Akasema ya tumbo. Linauma? Akasema haliumi sana, linaning'inia. Karani akainua uso.

"Dada, hiyo ni urembo. Hapa tunatibu wagonjwa."

"Lina vidonda chini yake."

"Ahaa. Basi siku nyingine anza na kidonda," karani alisema, akaandika. Hakusema kwa ubaya. Alionekana mtu aliyekwisha kuwafundisha wengi namna ya kujieleza dirishani.

Daktari Marselino alikuwa kijana wa Masasi mwenye sauti ya chini. Alimwamkia shikamoo kabla ya kumwambia alale, jambo ambalo Mwamvita hakulizoea kwa madaktari. Mkaja ulipofunguliwa alitazama alama nyekundu ulizoacha, akabonyeza karibu na kitovu, akamwambia akohoe. Kitu laini kikasukuma kidole chake kutoka ndani.

"Mama, nani anakufunga hivi?"

"Dada yangu. Ni mkaja, kama wa mzazi."

"Mzazi tumbo lake linajirudia lenyewe. Wewe unachofunga ni ngozi tupu. Jasho linakosa pa kutokea, kidonda hakikauki. Halafu mnavyokaza, mnasukuma utumbo kwenye hii ngiri." Akaukunja ule mkaja. "Mwambie dada nimemshukuru, ila aache."

Kisha alichukua kalamu ya wino akachora mstari chini ya tumbo, kutoka nyonga hadi nyonga. Alieleza taratibu, kama fundi cherehani anayemweleza mteja. Namna ya kwanza, alisema, ni kukata hili linaloning'inia peke yake, kushona, basi. Vidonda vitakwisha, atatembea mwepesi. Ndani hagusi kitu. Siku tano wodini, nyuzi zinatolewa kwenye wiki ya pili, na wiki ya tatu ikiisha anaweza kurudi kazini.

Halafu akachora mstari wa pili juu ya kitovu. Namna ya pili anakata pale pale chini, lakini ananyanyua ngozi mpaka karibu na mbavu. Misuli ya katikati, ambayo kwa unene wa miaka mingi imeachana kama milango miwili iliyobaki wazi, anaivuta na kuishona ikutane. Ngiri anaiziba. Ngozi anaishusha, inayozidi anaikata, na kitovu anakitolea tundu jipya.

"Kitovu changu?"

"Ni kile kile, mama. Kinabaki na mzizi wake. Dirisha lake tu ndilo linahama."

Mwamvita alicheka kidogo, kisha akauliza ipi nzuri.

"Ya pili. Naweza kuitetea kwa wakubwa zangu waikubali hapa hapa, kwa sababu ya ngiri. Ila ukifanyiwa hiyo, usinyanyue kitu kizito miezi mitatu. Hata ndoo ya maji."

"Na nikifanyiwa ya kwanza?"

"Utarudi kazini mapema, lakini ngiri ipo. Unafanya kazi gani?"

Akamweleza. Alikuwa idara ya kukunja. Kitambaa kinatoka mashineni, wanakikunja majora, majora wanayafunga robota, na robota wanalipakia kwenye kitoroli. Zamani walikuwapo wanaume wa kupakia. Mwaka jana, kiwanda kilipopata mwenyewe mpya, wanaume wale walipunguzwa, na kupakia wakaachiwa wanawake wa kukunja, wawili kwa kila robota.

Daktari aliiweka kalamu chini. Alisema robota moja, siku moja mbaya, linaweza kuubana utumbo kwenye lile tundu, na utumbo ukibanwa mtu hafikishi siku ya pili bila kupasuliwa. Mwamvita akauliza kama anaweza kufanyiwa ya kwanza sasa na ya pili baadaye. Daktari akasema inawezekana ila ni vigumu, ngozi ikishakatwa haitatosha kushuka vizuri, na hapa orodha ya watu wanaosubiri mara ya kwanza tu haiishi. Akamrudishia fomu ya kiwanda aliyokuja nayo, ile ya ED, ruhusa ya ugonjwa, akamwambia aende akaulize siku atakazopewa, kisha arudi.

Kiwandani alikuta zamu ya asubuhi haijatoka. Getini Zubeda, aliyekuwa mwenzake wa robota, alikuwa amewahi zamu yao ya mchana, inayoingia saa nane, na anakula mihogo ya kukaanga. Kwa mwaka mzima Zubeda alikuwa akishika upande mzito wa robota bila kuambiwa na mtu, na bila kusema kwa nini.

"Nasikia unakwenda kuchongwa uwe mwali," Zubeda alisema. "Ukirudi usituringie."

"Nikirudi nitakuwa na kitovu kipya, tutasherehekea."

"Shoga, wewe rudi tu. Mauwa wa idara yetu alikaa ED miezi miwili, aliporudi kadi yake haikuwapo ukutani. Aliambiwa na mlinzi, hata ofisini hakuingizwa."

Bwana Mudathir wa ofisi ya utumishi alimkaribisha kiti. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja, wakati kiwanda ni cha umma na wote wakisimama foleni moja kwenye duka la ushirika. Aliisoma fomu, akavua miwani.

"ED mwisho siku ishirini na moja. Ikizidi hapo, jina linaingia kwenye orodha."

"Na walio kwenye orodha wanafanywaje?"

"Wanashukuriwa."

Mwamvita alimweleza habari ya ngiri. Alieleza yote, hata milango miwili. Akaomba, akimaliza miezi mitatu, au hata kabla, apewe kazi ya kukaa: kubandika lebo, kukata nyuzi. Mudathir alisema kazi za kukaa zilikuwa nne, zote zimeunganishwa kuwa moja, na aliyeipata anaishikilia kwa meno. Alisogeza karatasi zake zikae sawa, ingawa zilikuwa zimekaa sawa.

"Halafu nisamehe, Mwamvita. Wakubwa waliniuliza kuhusu huko kupungua kwako. Kama umepima."

Alilitarajia. Mume wake, Kondo, alikufa mwaka tisini na moja, lori alilokuwa utingo lilipopinduka mteremko wa Kitonga. Yeye alipoanza kukonda watu walisahau lori, wakakumbuka tu kwamba mume alikufa. Idarani walisema amekanyaga miwaya, ana ukimwi. Wengine waliacha kunywa maji kwenye kikombe chake.

"Waambie nina kisukari," alisema. "Nacho kinaua, wasiwe na wasiwasi."

Mudathir hakucheka. Alishusha sauti. "Mie mwenyewe sijui kama jina langu limo. Orodha sasa haiandikwi hapa." Kisha akaonyesha kwa kidole sehemu ya chini ya fomu. Palikuwa na visanduku viwili na swali: baada ya matibabu mfanyakazi ataweza kuendelea na kazi yake ya kawaida? Ndiyo. Hapana. "Hapa ndipo wanapopatazama. Daktari akitia alama kwenye hapana, hata hizo ishirini na moja hazina maana."

Alitoka pale saa sita na nusu. Jua la Chang'ombe lilikuwa limesimama juu ya mabati, na kila hatua ile nyama, ambayo daktari alikataza isifungwe tena, ilimpiga mapajani. Alijaribu kuishika kwa mkono ndani ya kanga. Alifikiri juu ya mwanawe Bakari, kidato cha tatu, ambaye chakula chake, kodi ya chumba na madaftari vilitoka kwenye majora yale yale. Alifikiri juu ya miezi mitatu ya kukaa kitandani tumbo limeshonwa vizuri, misuli imekutana, ngiri imezibwa, mwili mzima kabisa wa kufanya kazi, na kazi haipo. Kisha akafikiri juu ya kazi ikiwapo na mwili ukisubiri robota moja. Aliligeuza jambo huku na huku njia nzima, kama mtu anayetafuta upindo wa kitambaa gizani, na kila alipoligeuza likawa na ncha ile ile.

Alipofika, Daktari Marselino alikuwa anamalizia mgonjwa wa mwisho. Ilikuwa saa nane kasorobo.

"Wanatoa siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

Daktari alivuta daftari la orodha, akakaa na kalamu juu ya mstari mtupu. Mwamvita alisema, "Kata ile ndogo, ya kwanza."

"Mama, umefikiri?"

"Nimefikiri kutoka Chang'ombe mpaka hapa."

Daktari akaandika jina lake, na mbele yake akaandika: kidonda sugu cha ngozi, kukata sehemu inayoning'inia. Kisha akaifungua ile fomu ya kiwanda. Akajaza tarehe, akajaza siku ishirini na moja, akasaini. Alipofika kwenye visanduku viwili alisita.

"Hapa siwezi kuandika ndiyo."

"Basi andika kidonda tu. Ngiri usiiandike."

"Wanaulizia kazi, hawaulizii ngiri. Wewe unabeba robota."

"Daktari, ukitia alama kwenye hapana, utakuwa umenifukuza kazi na bado hujanikata."

"Na nikitia kwenye ndiyo, litakalokupata ukibeba lina saini yangu."

Hakuna aliyemkasirikia mwenziwe. Nje mhudumu alikuwa anasukuma maji sakafuni, na sauti ya brashi ilisikika ikija na kurudi. Daktari aliitazama fomu kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaiacha mezani na kalamu juu yake, akaenda kwenye sinki la pembeni akaanza kunawa. Alinawa kama anayekwenda kupasua, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye viwiko, mgongo wake ukiwa upande wa meza.

Mwamvita aliichukua kalamu. Mkono wake haukuzoea kuandika. Kiwandani walikuwa wakitia dole gumba tu. Akatafuta kisanduku cha kwanza, akahakikisha ndicho, akatia alama. Ilitoka kubwa, mkia wake ukapita nje ya mstari. Akairudisha kalamu ilipokuwa.

Daktari alifunga bomba, akajifuta kwa taulo, akarudi kukaa. Aliiona alama. Alifungua kidau cha wino, akapiga muhuri, ukatua juu ya ule mkia uliopotea njia ukaufunika.

"Uje Jumapili jioni kulala wodini. Usiwe umekula."

"Jumapili niko zamu ya asubuhi. Nitatokea kazini."

"Basi siku hiyo, na hizi kabla yake, usibebe."

"Ndiyo," Mwamvita alisema, akaikunja fomu, na kuharakisha, kwa sababu saa nane ilikuwa imekwisha kupita na Zubeda hangeweza kulinyanyua robota peke yake.