Makarai Kumi kwa Nyumba ya Bwana

Mwaka jana lori la mchanga liliposhuka mtoni kwetu, huku nyuma ya Mbumbuni, tulilifukuza kwa mawe. Mimi mwenyewe nilivunja taa moja. Mzee Mutisya, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu, alimwambia dereva kwamba mchanga ule ni uhai wa watu, na mwizi wa mchanga ana nafasi yake motoni. Tukasema amina tukiwa bado tumeshika mawe.

Hatukuwa na wazimu. Mto wetu hutiririka wiki chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo kikundi chetu cha mwethya, wanawake thelathini wanaosaidiana kazi, kiliukata kwa ukuta wa zege. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na maji hukaa humo ndani, jua lisiyafikie. Unachimba kidogo, unangoja, unachota. Tulibeba mawe ya ukuta huo misimu miwili. Jirani yangu Nzisa alibeba akiwa na mimba ya miezi minane, na bado hajaacha kutukumbusha.

Kisha kanisa likataka matofali ya jengo jipya. Jumapili moja Pasta Kiilu alitangaza kwamba kila nyumba italeta makarai kumi ya mchanga.

"Kutoka mto gani, Pasta?" niliuliza.

"Mama Kathini, kwani Mungu alitupa mito mingapi?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo ilipofaa nisimame niseme neno. Nina diploma ya usimamizi wa maji, niliisomea miaka miwili. Lakini lori ni wizi, karai ni sadaka, ndivyo nilivyojiambia. Nilibeba makarai kumi, nikaongeza mawili kwa sababu mke wa Mutisya alikuwa amebeba kumi na moja. Tulibeba tukiimba. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, kila mtu alichota palipo karibu, yaani pale pale ukutani.

Nyumba mia mbili na zaidi, makarai kumi kila moja. Mtoto wa darasa la tatu angekuambia hayo ni malori kadhaa. Sisi tuliambiwa ni imani.

Kufikia Agosti visima vyote vilikuwa vimekauka. Nyuma ya ukuta palibaki shimo la tope la kijani, mbuzi wamesimama ndani. Binti yangu Kathini, aliye gredi ya tisa, akaanza kukosa shule Jumanne na Ijumaa ili afuate maji ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mwalimu aliniita. Akaniambia msichana akiendelea hivi, mtihani asahau.

Kanisa nalo halikulala. Pasta alitangaza siku tatu za kufunga na kukemea roho ya ukame. Tulitubu pombe, tukatubu wivu, tukatubu sketi za kwaya. Mzee Mutisya alilia machozi akiwaombea toba wachoma makaa wa Kyuso, watu ambao hajawahi kuwaona. Nje ya dirisha rundo letu la mchanga lilikuwa limeota nyasi. Saruji haikuwa imefika, na kuku wa Pasta walikuwa wakioga vumbi juu yake.

Siku ya tatu, wakati wa ushuhuda, nilisimama.

"Bwana asifiwe. Nimekuja kuungama. Niliiba makarai kumi na mawili ya mchanga."

"Mama Kathini," Pasta akasema polepole, "hiyo ilikuwa sadaka."

"Sadaka mtu hutoa kilicho chake, Pasta. Ule ulikuwa wa mwethya, na maji yalikuwa ndani. Nataka kuurudisha."

Mutisya aliinuka. "Sadaka ikishaombewa hairudi! Na mchanga wako utaujuaje katika rundo lote hilo?"

"Nitachukua wowote, mzee. Mchanga wangu hauna alama masikioni kama ng'ombe."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Mutisya hakucheka. "Uguse lile rundo, utakaa miezi mitatu bila meza ya Bwana."

"Andika jina langu," nikasema. Nikangoja amina ya mwisho, nikatoka, nikachukua karai.

Safari ya tatu nilimkuta Nzisa kwenye rundo, anajaza lake.

"Umekuja kutubu?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe. Uliongeza mawili. Mimi niliongeza matano."

Wiki hiyo mwethya ulikutana ukutani, ukapitisha sheria fupi: hakuna atakayechimba kisima hapa kabla ya kurudisha alichochukua. Sheria ya mwethya haina rufani. Wengine walinung'unika kwamba tunapigana na kanisa. Walinung'unika wakiwa wamebeba.

Mvua ilikuja Novemba, mto ukashuka siku nne. Pasta alishuhudia kwamba ni mfungo ule. Sikubishana naye, kwa sababu mvua kweli ni ya Mungu. Ila maji yalisimama pale tu tuliporudisha mchanga, penginepo yakapita kwenda zake. Tulipata visima vitatu, na zamani tulikuwa na tisa. Kathini alirudi shule siku zote tano.

Jumapili ya meza ya Bwana mimi nilikuwa bado nimefungiwa, kwa hiyo nikaenda mtoni kuchimba. Ibada ilipokaribia kuanza, mke wa Pasta, Mama Muindi, alishuka kwa viatu vyake virefu, mtungi mkononi.

"Mwaitu, mama yangu, nisaidie. Hakuna hata tone la kuoshea vikombe vya meza."

"Nyumba ya Pasta imerudisha makarai mangapi?"

Alitazama ukuta, akatazama kilima. "Saba."

"Bado matatu."

"Mama Kathini! Watu wameshakaa!"

"Basi usichelewe."

Kisha akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe, akapanda kwenda kwenye rundo. Nikasogeza mtungi wake mbele kwenye foleni ya mitungi, nikaendelea kuchimba.