Pipa Lililoandikwa Toa

Pale kiwandani kila mtu alimwita Mpishi, ingawa nyumbani kwake hata maji ya chai yaliungua. Alichopika ni spiriti. Alimimina molasi ya miwa iliyokwisha kuchacha ndani ya chungu kikubwa cha shaba, akatia moto mdogo, mvuke ukapanda kwenye mrija uliopinda kama shingo ya bata, ukazamia kwenye maji baridi, ukatokea upande wa pili tone kwa tone. Spiriti hiyo ilikwenda chumba cha pili kwa Mchujaji, mwanamume mpole wa makamo, ambaye aliloweka maua ndani yake ili ivute harufu yote. Baadaye ilipashwa moto ikaondoka zake, yakabaki mafuta mazito ya rangi ya asali, kijiko kimoja kwa kikapu kizima cha maua.

Sasa spiriti, kama mnyama, ina kichwa, moyo na mkia. Moyo ndio wa kutumia. Kichwa ni yale matone ya mwanzo, makali, na ni adui wa macho ya mtu. Mpishi alikuwa hodari wa kujua kichwa kinaishia wapi na moyo unaanzia wapi. Alidondosha tone kwenye kiganja, akasugua, akanusa, basi. Miaka ishirini na miwili hakukosea.

Zamani kichwa kilimwagwa shimoni nyuma ya ukuta. Majani yakafa, majirani wakalalamika, ikaamuliwa kikusanywe kwenye pipa, na kila Jumamosi lori lije kulichukua. Msimamizi alimwambia Mpishi aandike SUMU kwa rangi nyekundu. Alimwambia mara mbili. Mpishi akajibu kuwa rangi inataka brashi na brashi inataka kuoshwa, naye ana mikono miwili tu. Akachukua chaki akaandika TOA. Kwake yeye neno lile lilikuwa na maana moja: ondoa, peleka mbali.

Mtunza stoo alipostaafu, Mpishi alimwombea kazi wifi yake, mke wa mdogo wake. Mdogo mtu alivunjika nyonga, ana miaka miwili anashinda kitini, na nyumba ile ilihitaji mtu wa kutoka asubuhi. Wifi alikuwa mwepesi wa kazi na wa ulimi. Siku ya kwanza Mpishi alimwambia, nusu mzaha, kwamba akiharibu huko atakuwa amemharibia yeye.

"Usihofu, wifi," akajibiwa. "Mimi nikiharibu watasema mke wa fulani. Wewe ukiharibu watasema ukoo mzima."

Wakacheka wote wawili.

Stoo nako kulikuwa na lugha yake. Daftari lilikuwa na safu mbili, INGIA na TOA, na yule mzee aliyestaafu aliacha desturi: pipa ambalo zamu yake imefika aliliandika toa kwa chaki, asubuhi likabebwa kupelekwa kwa Mchujaji. Wifi alijifunza hivyo na akafanya hivyo, wala hakuna aliyemwambia kwamba ng'ambo ya ukuta neno hilohilo lina ndugu yake mwenye sumu.

Alhamisi moja mvua ilinyesha, paa la chumba cha mtambo likavuja. Mpishi akaliviringisha pipa la kichwa mwenyewe mpaka stoo, akalisimamisha kando ya mengine. Yote ya bluu, yote ya kimo kimoja. Wifi alikuwa ameenda kunywa chai. Mpishi akasema moyoni atamwambia akirudi, kisha akakumbuka moto wake, akaenda.

Ijumaa asubuhi Wifi akasoma: toa. Akatoa.

Mchujaji alifanya kazi kutwa nzima, madirisha yamefungwa ili harufu isipotee, mikono imezama mpaka viwiko akikamua mifuko ya maua. Yalikuwa maua ya harufu nzito, yakafunika ile harufu nyingine. Jioni alilalamika kichwa kinamgonga. Jumamosi alifika getini ameshikwa mkono na mkewe, jua limekwisha kupanda juu ya paa, naye anauliza mbona leo ukungu haujaondoka.

Akapakiwa garini kupelekwa hospitali. Wifi alikuwa miongoni mwa waliomwinua. Msimamizi alikwenda kunusa beseni la maua, akarudi uso umemshuka, akasema kila mtu afike stoo saa nne.

Mpishi alitangulia. Stoo haikuwa na mtu. Pipa lilikuwa limerudishwa pembeni, nusu tupu, na maandishi yake yanamtazama. Akashika pindo la aproni, akafuta. Akatoa chaki mfukoni, akaandika SUMU, herufi kubwa. Alijiambia anafanya hivyo asije akaumia mtu mwingine. Na maneno hayo yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalimfaa.

Saa nne Msimamizi alimuuliza Wifi kilichotokea. Wifi alifungua daftari, akaonyesha mstari wake na saa aliyoandika.

"Pipa liliandikwa toa," alisema. "Nikatoa."

Msimamizi akaligeuza pipa watu wote waone. Mmoja wa wanawake wa kufungasha chupa akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe siku zote walikuwa wakipewa mapipa na mtu asiyejua kusoma.

Wifi aliyatazama maandishi. Aliitazama ile M yenye miguu mirefu, ambayo aliijua kutoka kwenye kila karatasi iliyowahi kutoka chumba cha mtambo. Kisha akatazama pindo la aproni ya wifi yake, lilivyopakaa weupe. Hakunyoosha kidole. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayemwomba mwenzake ampishe mlangoni.

"Wifi, na wewe sema. Lilikuwa limeandikwaje?"

Mpishi alijua kwamba neno moja lingetosha. Alijua pia kuwa Msimamizi angekumbuka ile rangi nyekundu.

"Kama unavyoliona," akasema.

Wifi akafunga daftari, akaweka funguo juu yake, akaenda kuchukua mkoba wake. Siku hiyohiyo akaambiwa asirudi. Mchujaji naye hakurudi. Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda. Sasa anaona mwanga wa dirisha, na mtu akipita mbele yake anajua amepita mtu.

Mwezi ulipita kabla Mpishi hajaenda kwa mdogo wake. Alikuta maneno yametangulia. Mtaa mzima sasa ulimwita Wifi kwa jina la Hajui Kusoma, na aliyeleta jina hilo hakujulikana. Wifi alimwambia mumewe ukweli mara moja tu. Mumewe akajibu kwamba dada yake ndiye aliyemlea, kwamba anamjua, hawezi. Wifi hakurudia tena.

Alimpokea Mpishi kama inavyompasa wifi. Akamletea kiti, akampa maji, akauliza habari za kazi. Mdogo mtu akafurahi sana. Kulikuwa na barua ya hospitali ya ile nyonga yake, imefika tangu juzi, haijafunguliwa.

"Nilisema tukusubiri, dada," alisema. "Huyu mwenzangu ndiyo hivyo tena. Tusije tukakosa siku."

Kwa miaka miwili barua zote za hospitali alikuwa amezisoma mkewe, naye hajakosa siku hata moja.

Wifi alikausha mikono, akaifungua bahasha, akaikunjua barua vizuri, akaiweka mapajani mwa Mpishi.

"Isome vilevile ilivyoandikwa, wifi," akasema. "Usibadilishe hata herufi."

Mumewe akacheka, akidhani ni ule utani wao wa siku zote. Mpishi akainamisha uso kwenye karatasi. Ilimchukua muda kuanza, mpaka mdogo wake akauliza kama mwandiko ni mbaya. Ilikuwa imepigwa chapa.

"Jumanne," akasoma. "Saa tatu asubuhi. Uje na mtu wa kukusindikiza."

"Umesikia?" mdogo mtu akamgeukia mkewe, akipandisha sauti kidogo, kama asiyejua kusoma ni kiziwi pia. "Jumanne, saa tatu."

"Nimesikia," Wifi akasema. Akaichukua barua mapajani mwa Mpishi, akaipitishia macho mwenyewe tangu juu mpaka chini, akaikunja.